Kisu Kilichorudi Safi

SURA YA SITA

Visu vitatu vililala juu ya gazeti kuukuu, kila kimoja kando ya mfuko wake wa plastiki na kibandiko chake, na Inspekta alikuwa amevikodolea macho tangu saa mbili asubuhi bila kuambulia kitu. Vilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Bapa fupi lisilokunjika, refu kidogo kuliko kidole cha kati, mpini wa mti, ala ya ngozi ya kuning'iniza kwenye mkanda. Ukivichanganya kwenye droo ya jikoni, hata wenyewe wangegombania.

Mkuu wa kituo aliingia na kikombe chake cha chai bila kubisha hodi, maana mlango ulikuwa wake na kituo kilikuwa chake.

"Bado unavichungulia tu?"

"Bado, afande."

"Kielelezo A ni kisu cha kiongozi wa msafara. Kina nyuzi za buluu za kamba ile ile iliyokatwa. Kina damu yake. Mwenyewe ana jeraha kidoleni. Ijumaa jioni aligombana na majeruhi mbele ya watu. Unataka nini tena? Akuandikie barua yenye muhuri?"

"Nataka muda."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo.

"Gari la mahakama linaondoka saa nane kamili, na yule bwana atakuwa ndani. Kosa ni kujaribu kuua. Akishasomewa hayo, dhamana asahau, na kesi yenyewe unajua itakavyokokotwa." Alikunywa funda moja la chai. "Mimi si mtu mbaya, Inspekta. Ukiniletea kitu kabla ya saa nane, nitasikiliza. Lakini kiwe kitu, si hisia."

Akatoka. Mlango ulipofunguka, Inspekta aliuona tena ubao wa kukalia wa koridoni, na juu yake mwanamke aliyeketi pale tangu Jumamosi mchana, chupa ya chai miguuni na shati jeupe lililopigwa pasi mapajani. Alikuwa mke wa kiongozi. Shati lilikuwa la mumewe kuvaa mahakamani. Inspekta alijikuta anaufunga mlango taratibu kuliko kawaida.

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Ijumaa watu wanne walikwenda kupiga kambi kwenye msitu wa milimani. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari ambaye wenzake walimwita Kamanda kwa kupenda kwake kuamrisha watu hata mapumzikoni. Wa pili alikuwa shemeji yake, daktari wa meno, aliyemwoa dada yake. Wa tatu mpigapicha, rafiki wa siku nyingi. Wa nne ndiye kiongozi, waliyemlipa kuwaonyesha njia, kusimamisha mahema na kupika. Ijumaa jioni kiongozi alifunga kamba juu ya gogo la kuvukia korongo, ili watu wapate pa kushika. Jumamosi baada ya chai Kamanda alitangulia kuvuka, kama ilivyo ada yake, akaiegemea kamba, kamba ikakatika. Ilikuwa imekatwa upande wa chini, pasipoonekana, ikabaki imeshikiliwa na nyuzi chache. Sasa Kamanda alikuwa hospitali, nyonga imevunjika, kichwa kimefungwa, hajui asubuhi wala jioni.

"Afande," Konstebo alichungulia mlangoni. Alikuwa kijeba wa miaka arobaini, mwandishi hodari wa orodha na mlaji hodari wa chochote. "Yule mama wa duka amefika. Amekuja na begi kama anahama."

"Mlete upesi."

Mama Hema alikuwa ameuza vifaa vya kambi kwa miaka ishirini na sita, na jina la bidhaa yake lilikuwa limemganda kiasi kwamba barua zake zilifika kwa jina hilo. Aliingia akihema, akatua begi, akavaa miwani. Macho yake yalipotua mezani uso wote ulichangamka.

"Hawa wanangu! Nimewauza mwenyewe. Vilikuwa vinne, boksi moja, miaka miwili iliyopita."

"Cha nne kilitumbukia korongoni na Kamanda, aliyevinunua akawagawia wenzake," Inspekta alisema. "Mama, kwanza tuelewane. Unaruhusiwa kutazama, kunusa, kushika kwa glavu. Huruhusiwi kukata chochote kwa visu hivi. Hata karatasi."

"Mwanangu, mimi sikuzaliwa jana. Ndiyo maana nimekuja na vyangu." Alifungua begi, akatoa visu viwili vya aina ile ile, kipande cha kamba ya buluu, kinoo, ukanda wa ngozi na kikombe cha kaure kilichovunjika mkono. "Niulize."

"Watu wanavichaguaje? Kisu si kisu?"

Mama Hema alimtazama kwa huruma. "Kisu si kisu hata kidogo. Angalia hapa. Kile cha kukunja kina bawaba, na bawaba ndiyo ugonjwa wake. Hiki ni chuma kimoja kutoka ncha mpaka mwisho wa mpini, kwa hiyo utapasulia kuni na hakitakusaliti. Kisha kuna chuma chenyewe. Kipo kisichoshika kutu, lakini kukinoa ni kazi ya kutoa machozi. Na kipo cha namna hii, kinanoleka kwa dakika tano, lakini ukikiacha na tone la maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Anayenunua hiki amekubali kukilea. Wengine wanakilea, wengine wanakitesa. Ndiyo maana nakwambia, baada ya miaka miwili, kisu kinakuwa na tabia ya mwenyewe."

Inspekta alisogeza kiti. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisahau kutazama saa.

"Basi nisomee hivi. Anza na B."

Kielelezo B kilikuwa cha mpigapicha. Mama Hema alikiinua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi ya mtu mwingine.

"Astaghafiru. Ncha imevunjika. Amefungulia kopo na hiki, nakuapia. Kutu hapa, gundi hapa, na hapa..." Akakisogeza kwenye taa. "Hizi nyuzi ni za buluu?"

Inspekta aliinyakua lenzi. Kweli. Nyuzi mbili za buluu, fupi kama kope, zilikuwa zimenasa kwenye pengo la makali. Siku mbili kielelezo kilikuwa kimekaa kabatini, na kila mtu alikuwa amekishughulikia kielelezo A kana kwamba vingine ni mapambo.

"Konstebo! Nipigie mpigapicha. Weka sauti nje."

Mpigapicha alipokea simu kwa mlio wa pili. Ndiyo, alikata kamba. Ijumaa, kabla kamba haijafungwa gogoni, kiongozi alimwachia akate kipande cha mwishoni, akafungia mguu wa stendi ya kamera uliolegea.

"Sikukificha, mama Inspekta. Hakuna aliyeniuliza. Nawatumia picha sasa hivi."

Picha ilifika kabla hajamaliza kusema. Stendi ilikuwa na kamba ya buluu mguuni, na mwisho wa kamba ulikuwa umechanuka kama ufagio uliochoka. Saa ya picha ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na robo jioni, kabla hata kamba ya gogoni haijafungwa.

"Huo mwisho umeuona?" Mama Hema alisema. "Hicho kisu hakikati, kinatafuna. Hebu nione na ile ya korongoni."

Konstebo alileta kamba kwenye mfuko wake. Mama Hema aliikagua bila kuitoa, akigeuza mfuko huku na huku. Robo tatu ya kamba ilikuwa imekatwa nyoofu, uso wake laini kama jibini. Robo iliyobaki ilikuwa imechanika kwa uzito wa mtu.

"Hii ni kazi ya wembe," alisema. "Na kamba ya namna hii ina ubishi. Kisu kilichochoka kingeirarua."

Tumaini la dakika mbili likaenda zake. Inspekta aliuma mdomo, lakini hakukaa chini.

"Mpigapicha, bado upo?" aliinamia simu. "Jumamosi asubuhi, kabla ya ajali. Kuna kitu chochote kilichokuwa tofauti? Chochote, hata cha kipuuzi."

"Cha kipuuzi? Mayai." Alicheka kidogo, kisha akakumbuka si jambo la kucheka. "Kiongozi alitukaangia mayai na kitunguu. Yalinuka kama chumba cha kung'olea meno. Nikamtania daktari kwamba amekuja na kazi porini. Hakucheka."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari, akalipigia mstari mara mbili.

"Sasa C, mama."

Kielelezo C kilikuwa cha daktari wa meno. Mama Hema alikishika kwa mikono miwili. Bapa liling'aa lote, halina alama ya kidole, makali yalikuwa mstari mmoja usiotetereka kutoka shina mpaka ncha.

"Huyu hana kisu, ana mchumba," alisema kwa sauti ya ibada. "Amekinoa kwa kinoo laini, akamalizia kwa ukanda wa ngozi, akakipaka mafuta. Kila siku. Kama angekuwa hajaoa ningemtafutia binti."

"Kimekata kamba?"

"Sioni dalili. Na huyu asingekata kamba na hiki hata umpe dunia."

Inspekta alikinusa. Kulikuwa na harufu nyembamba sana, tamu, yenye ukali mwishoni. Alikirudisha mahali pake, akamsogezea Mama Hema kielelezo A.

Mama Hema alikitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiki umesema cha nani?"

"Cha kiongozi."

"Hapana. Yaani ndiyo, lakini hapana. Njoo uone." Alimvuta Inspekta kwa mkono bila kujali cheo. "Bapa ni jeusi kama kitako cha sufuria. Hiyo si kutu. Hiyo ni vitunguu, malimau na nyama, miaka miwili. Chuma hiki kikipikiwa kinafanya weusi, na weusi huo wenyewe ndio unaokilinda. Huyu ni mpishi. Mpishi hapaki mafuta kisu chake, kwa sababu kesho anakatia chakula. Sasa tazama makali."

Chini ya lenzi, juu kidogo ya makali, kulikuwa na mikwaruzo mipana, mikavu, iliyokwenda kila upande. Chini yake, pembeni kabisa, kulikuwa na utepe mwembamba uliong'aa kama sarafu mpya.

"Hii ya juu," Mama Hema alichukua kikombe chake kilichovunjika mkono, akakipindua, akakwangua kisu chake kipya kwenye kitako kisichopakwa rangi, kwii, kwii, mpaka Konstebo akaziba masikio. "Ni hii. Watu wa porini wengi hunoa hivi. Linganisha."

Mikwaruzo ilikuwa ile ile. Kisha Mama Hema alikata kamba yake kwa kisu hicho. Kamba ilibisha, ikachanuka, ikaachia kwa shingo upande. Alikichukua kisu, akakipitisha kwenye kinoo, kisha kwenye ukanda wa ngozi, taratibu, kwa dakika ambazo kwa Inspekta zilikuwa mwaka mzima. Akakata tena. Mara hii kamba iligawanyika bila sauti, uso wake laini.

"Mikono miwili," Inspekta alisema. "Kisu kimoja, mikono miwili! Mmoja amekinoa miaka miwili kwa kikombe. Mwingine amekinoa mara moja, juzi."

"Na akakipaka mafuta," Mama Hema alisema, akinusa ala. "Hii ni karafuu."

"Karafuu ya chai," Konstebo alidakia kutoka pembeni. "Afande, yule ni mpishi. Atakuwa alikatakata viungo."

Hapo Inspekta alisita. Lilikuwa jambo la kawaida mno, na Mkuu angelisema kwa maneno hayo hayo. Kisha akamgeukia.

"Konstebo, nani aliyeandika orodha ya vitu vya kambini?"

"Mimi."

"Soma vyakula."

Konstebo alilifungua jalada kwa fahari. "Majani ya chai, sukari, chumvi, mkate, mayai kumi na moja, vitunguu sita, mafuta ya kupikia nusu chupa, biskuti..." Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, akarudi juu, akashuka tena. "Hakuna karafuu, afande."

"Una hakika hukuruka?"

"Afande, chakula mimi siruki."

Ilikuwa saa tano na nusu. Inspekta alishuka ngazi mbili mbili mpaka mahabusu. Kiongozi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mtu mwembamba mwenye ndevu za siku tatu na kitambaa kichafu kwenye dole gumba la kushoto. Alisimama alipomwona.

"Nionyeshe jeraha."

Alifungua kitambaa. Lilikuwa pana, limeingia kwenye nyama ya dole gumba, kwa mlalo.

"Unatumia mkono upi?"

"Wa kulia, mama."

"Ulijikataje?"

"Nilishawaambia Jumamosi. Kitunguu. Nimekata vitunguu tangu nikiwa na miaka tisa, sijawahi kujikata hivi. Nilikandamiza kama siku zote, kikapita kitunguu kikapita na mimi. Nikakirudisha kwenye ala na damu zake, nikafunga kidole. Mayai nilimalizia kwa mwiko."

"Kisu kilikuwa wapi Ijumaa usiku?"

"Kwenye nguzo ya hema la jikoni. Kinaning'inia hapo kila mara. Nani aibe kisu cha kukatia vitunguu?"

Inspekta alibaki amelitazama lile dole gumba. Mle kituoni wote walikuwa wamelisoma kama saini ya mkosaji. Lakini kamba iliyokazwa toka mti mpaka mti inajishikilia yenyewe. Anayeikata hana haja ya kuweka mkono wa pili karibu na makali. Anayeshika kitu kwa kushoto ni mkata kitunguu. Na mkata kitunguu hukatwa na kisu chake mwenyewe siku kisu hicho kinapokuwa kimebadilika bila yeye kujua.

"Utaniamini, mama?" kiongozi aliuliza. "Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Yuko pale juu kwenye ubao. Mwambieni aende nyumbani akalale."

"Hatakubali," Inspekta alisema. "Vumilia kidogo."

Alijua ni nani. Mafuta ya karafuu ndiyo dawa ya jino, na kielelezo C kilinuka hivyo hivyo. Alijua hata kwa nini: ndani ya koti la Kamanda walikuta barua ya wito, atoe ushahidi Jumatano mbele ya baraza la madaktari, juu ya mgonjwa aliyeharibiwa taya na daktari aliyekuwa amelewa kazini. Daktari huyo alikuwa shemeji yake. Jumapili, alipoulizwa, daktari alisema ni mambo ya kifamilia na walishapatana. Lakini kujua ni kitu kimoja. Maabara ingechukua wiki kusema mafuta ni yale yale, na gari la mahakama halikuwa na wiki.

Alirudi ofisini.

"Mama Hema, una kisu kisicho na makali?"

"Ninacho cha maonyesho. Nimeyasaga makali yote ili wateja wapapase bila kupoteza vidole."

"Chuma ni hiki hiki?"

"Ndugu yao."

"Niazime. Na Konstebo, niletee maji yenye chumvi. Kisha mpigie daktari, mwambie aje atie saini maelezo yake kabla ya saa saba. Mwombe radhi kwa usumbufu."

Daktari wa meno alifika kwa kuchelewa, saa saba na dakika ishirini, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, uso wa mtu aliyelala vizuri. Aliwapa pole kwa kazi. Aliuliza kama wamekula. Inspekta alimshukuru, akamwonyesha kiti. Juu ya meza palikuwa na karatasi, kalamu, bilauri ya maji, na kisu cha maonyesho kimelala nje ya ala yake, kimelowa tangu saa sita, tone moja limesimama bapani na kuzunguka tone hilo duara hafifu la rangi ya machungwa. Konstebo alisimama nyuma ya kiti cha daktari, mikono nyuma.

"Nikusomee," Inspekta alisema, "ukiridhika tunamaliza. 'Ijumaa nililala saa tatu usiku. Sikutoka hemani mpaka asubuhi.' Sawa?"

"Sawa."

"'Sikuwahi kushika kisu cha kiongozi, wala sikujua anakiweka wapi.'"

"Sawa kabisa." Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye lile tone. Aliyarudisha.

Inspekta aliendelea kusoma, polepole, akirudia mistari, akitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Kila mara macho ya daktari yaliteleza yakarudi pale pale. Ndipo Inspekta, kama mtu anayepanga meza yake bila mawazo, alikichukua kisu kilivyo na maji yake, akakisukuma ndani ya ala ya ngozi.

Daktari alishtuka kama aliyekanyagwa.

"Samahani. Mnakiweka na maji?"

"Ah, kisu tu cha mfano, daktari. Tusipoteze muda."

"Ngozi inafyonza, Inspekta. Kesho hakitoki humo." Tayari mkono wake ulikuwa umeshakifikia. Alikichomoa, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta kutoka shina kwenda ncha, mgongo wa kisu ukitazama kiganja, bila hata kuangalia. Kisha mkono wa pili uliingia mfuko wa ndani wa koti ukatoka na kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Tone moja. Dole gumba likalisambaza mpaka kwenye duara la kutu, likalisugua kwa upole.

Harufu ya karafuu ilijaa chumba. Konstebo alimtazama Inspekta kwa macho yaliyotaka kutoka.

"Mazuri," Inspekta alisema. Alijilazimisha kusema kivivu. "Dukani yanapatikana?"

"Nachanganya mwenyewe. Dukani kuna takataka tu." Aliyapima makali kwa kidole, akakunja uso. "Hiki hakina makali kabisa."

"Mimi sioni tofauti. Hata kiongozi nadhani anatunza chake hivi hivi. Mtaalamu wetu amekisifia sana. Anasema ni mnoaji wa pekee."

Daktari alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha dharau, cha mtu aliyeibiwa sifa yake mchana kweupe.

"Yule? Yule ananoa kwa kitako cha kikombe! Anakatia vitunguu halafu anafutia surualini. Kilikuwa butu kama kijiko. Ndiyo maana kikamkata. Mtu aliyezoea kukandamiza, ukimpa wembe, lazima aache kidole."

"Na nani alimpa wembe, daktari?"

Kwenye korido mtu alikohoa, ubao ukalia. Inspekta alifungua droo, akaweka mezani kielelezo A ndani ya mfuko wake, bapa jeusi, utepe wa makali uking'aa.

"Hukuwahi kukishika. Lakini unajua Ijumaa kilikuwa butu kama kijiko, na unajua Jumamosi kilikuwa wembe. Kiongozi mwenyewe hakujua, mpaka kikamla kidole. Nyuzi za kamba ulituachia makusudi, tuzione. Kunoa nako nakuelewa, usingeikata kamba ile kimya kimya na kisu cha vitunguu. Ninachouliza ni kimoja tu. Mafuta ya nini?"

Daktari alikitazama kichupa kilichokuwa bado mkononi mwake. Akakisimamisha mezani taratibu, kifuniko kikiwa kimefungwa barabara.

"Kilikuwa na umande," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Nisingeweza kukirudisha kwenye ala na umande."

Konstebo aliyaandika maneno hayo yote, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakukosea tarehe.

Mkuu wa kituo aliyasoma akiwa amesimama. Aliyasoma mara mbili. Nje, dereva wa gari la mahakama alikuwa ameshawasha injini, na saa ilisema nane kasoro dakika sita. Mkuu aliichukua hati ya mashtaka yenye jina la kiongozi, akaichana katikati, akaichana tena, akamkabidhi Inspekta vipande.

"Hiki ni kitu," alisema.

Inspekta alipita koridoni karibu anakimbia. Mke wa kiongozi alisimama alipomwona, shati mkononi, akajiandaa kusikia mabaya.

"Dada, shati hilo asilivae kwenda mahakamani," Inspekta alisema. "Alivae kwenda nyumbani."

Mwanamke alikaa tena, kwa nguvu, akaanza kulia kwa sauti na kucheka ndani yake. Mumewe alipotolewa hakulivaa shati hilo hata kidogo, maana mkewe alikuwa amelikumbatia na hakutaka kuliachia. Mama Hema, asiyejuana nao, naye alikuwa anajifuta macho kwa ukanda wa ngozi.

Konstebo alileta vitu vya kiongozi kwenye bahasha: mkanda, kofia, funguo. Alitia saini kwa mkono wa kulia, dole gumba la kushoto limeinuliwa juu lisiguse kitu.

"Na kisu changu?"

"Kinabaki mpaka kesi iishe," Inspekta alisema. "Utarudishiwa kama kilivyo."

Kiongozi alikitazama kidole chake, kisha akamtazama yeye, na uso ule wa ndevu za siku tatu ukapasuka kicheko.

"Mama, nawaomba. Msikirudishe kama kilivyo. Kipitisheni kwanza kwenye jiwe lolote hapo barazani, kipungue ule wembe."